Chupa ya Mzee wa Pointi

Kidole chake cha shahada, mkono wa kulia, kilikuwa na ukucha mrefu kuliko wa mwanamume yeyote niliyepata kumwona pale Nakuru, na alikilinda kidole hicho kuliko watu wengine wanavyolinda pochi. Hakukitumia kumega ugali wa moto. Hakumpa mtu mkono kwa nguvu. Kazini, alipovuta ile nondo nzito ya kugeuza reli ili gari la moshi lishike njia yake, alikizungushia kitambaa chekundu, na madereva waliopita hapo walidhani kila siku kwamba ameumia. Kuna waliompa pole kwa miaka. Alizipokea zote bila kueleza lolote, kwa sababu, alisema, pole haiozi.

Kazi hiyo ya kugeuza reli ndiyo iliyompa jina. Sote tuliokaa kwenye landi, zile nyumba za mstari za wafanyakazi wa reli, tulimwita Mzee wa Pointi, maana pointi ndipo reli zinapogawanyika. Sijui alizaliwa mwaka gani, wala sikumuuliza. Ninachokijua ni mikono yake, na kikohozi chake kimoja kikavu kabla ya kuanza wimbo, na miaka sita niliyokaa kushoto kwake.

Mimi nilikuwa mpishi. Nilipika katika nyumba ambamo madereva wa treni na wasaidizi wao walilala wakingojea zamu. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, mke, watoto wanne, na sauti ambayo kanisani iliwafanya watu wageuke. Kwa umri huo na hali hiyo nikaamua kujifunza gitaa.

Nilimsikia mara ya kwanza kwenye harusi ya jirani, Jumamosi mchana. Siku zile za kafyu harusi zote zilimalizika jua likiwa bado juu, kila mtu akakimbilia kwake na kipande chake, kile kitambulisho cha serikali, mfukoni. Muziki ulitoka nyuma ya nyumba. Nilisikia magitaa mawili: moja zito likitembea chini polepole, jingine jembamba likichezacheza juu yake. Nikazunguka ili niwaone hao watu wawili. Nikamkuta mzee mmoja amekaa, kofia ya reli imemshukia machoni, anapiga gitaa moja kwa vidole viwili tu, gumba na kile cha ukucha. Nilichungulia hata nyuma ya kiti chake nimtafute mwenzake. Watu wakanicheka. Chapati niliyokuwa nayo mkononi niliisahau mpaka kuku wa mwenye harusi akaichukua.

Watu huuliza mtu mzima anatafuta nini kwenye gitaa. Jibu langu lilikuwa tayari. Mpishi hushughulika tangu alfajiri, na jioni hana cha kuonyesha isipokuwa masufuria ya kuosha. Nilitaka, kwa mikono hii hii, kutengeneza kitu ambacho watu wakikipokea hakimaliziki. Nilimweleza Mzee wa Pointi hayo kesho yake, nimesimama mlangoni pake na nyama ya kukaanga niliyoifunga kwenye gazeti. Aliila yote kwanza. Kisha akaniuliza nina miaka mingapi, nikamwambia, nikingojea anifukuze.

"Ni vizuri," akasema. "Vijana wako na haraka. Wewe umechoka kidogo, utakaa chini."

Basi nikakaa chini, naye akaniwekea mkononi chupa tupu ya soda na msumari mrefu.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, na hakuivunjia mtu. Alikuwa na viti viwili. Cha mkono wa kulia kilikuwa chake na gitaa lake. Cha kushoto kilikuwa cha mwanafunzi na chupa, ile ya kioo kinene chenye matuta tumboni, ambayo ukiikwaruza kwa msumari inatoa sauti kali ya kuwaamsha wachezaji. Mwanafunzi alikwaruza chupa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano. Mimi nilikwaruza miezi saba kabla hajaniruhusu hata kushika shingo ya gitaa, na baada ya hapo gitaa nililipiga nyumbani kwangu au chumbani kwake. Mbele ya watu nilirudi kushoto na chupa yangu. Nasema yangu, lakini ilikuwa yake. Aliirudisha kwenye mfuko wa koti lake kila tulipomaliza. Sababu ya mafunzo hayo alinieleza mara moja tu.

"Ukikosa nota, watu watakusamehe. Ukikosa mwendo, wataumia miguu."

Sisi sote tuliopata kukaa kushoto tulilijua jambo moja. Hakuna aliyewahi kumwona Mzee wa Pointi akiishika chupa ili ampigie mwanafunzi. Kabla yangu alipita kijana wa karakana ya injini, mpigaji hodari, ambaye baadaye alikwenda Nairobi na wimbo wake ukawa unasikika kwenye santuri katika mikahawa ya chai hapa mjini. Mzee aliusikiliza wimbo huo mpaka mwisho, akamalizia chai yake, akasema kijana amejitahidi. Hata huyo hakuwahi kushikiwa chupa. Nami nilitaka hilo tu. Sikutaka santuri, sikutaka Nairobi. Nilitaka siku moja mimi niwe na gitaa na Mzee wa Pointi awe na chupa, na niliwaza hivyo kila nilipomenya kitunguu.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na hakuona haya. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili gitaa lake lilining'inizwa ukutani likiwa limegeuzwa uso, kwa kuwa siku ya Bwana si ya dansi. Lakini ukikaa karibu naye wakati wa mahubiri ungeona gumba lake likitembea juu ya jalada la kitabu cha nyimbo, na kile kidole kikilijibu. Mhubiri naye aliona. Siku mahubiri yalipokuwa mazuri kidole kilitulia. Yalipokuwa marefu, kilicheza wimbo mzima. Pombe hakuonja. Hata hivyo alipiga kwenye karamu za busaa, akinywa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, akiwakemea walevi kila baada ya wimbo na kusema pembeni kwamba hakuna wanaocheza vizuri kama wao.

Kwenye pointi hakuwahi kuchelewa hata dakika moja. Kwingineko kote alichelewa. Harusi ya binti yake mwenyewe aliifikia watu wakiwa wanaosha mikono baada ya kula. Mkewe alipomlaumu mbele za wageni, alijibu kwa upole kabisa.

"Mimi nikichelewa huku, hakuna behewa itaanguka."

Nyuzi za gitaa lake zilikuwa waya za breki za baiskeli. Alizifumua, akachagua waya mmoja mmoja, nyembamba huku na nene huku. Baiskeli yake kwa hiyo haikuwa na breki, kwa maana breki zote mbili zilikuwa kwenye gitaa, na alipoteremka kuelekea mjini ilimbidi aburuze kiatu cha kushoto, ambacho kilikwisha upande mmoja. Tulipomshauri anunue nyuzi za dukani alisema zile ni za watu wasio na baiskeli. Alipotaka kupandisha sauti alifunga penseli shingoni mwa gitaa kwa ukanda wa tyubu. Penseli hiyo haikuwahi kuandika neno.

Gitaa alilikaza kwa kufuata kipande cha reli kilichotundikwa pale landi, kile kilichogongwa saa za kubadilisha zamu. Kilipolia, alitega sikio, akaupeleka waya mnene mpaka ufanane nacho, na nyingine zikaufuata huo. Ilikuwa kazi rahisi mradi yuko Nakuru. Mwaka mmoja tulialikwa Keringet, kwa rafiki yake aliyekuwa akifanya kazi katika shamba la mzungu huko juu kwenye baridi. Tulipofika, gitaa lilikuwa limelegea kwa safari, na hapakuwa na reli. Mzee wa Pointi akaanza kuzunguka ule uwanja na msumari wangu. Aligonga jembe, akasonya. Akagonga sufuria ya mwenyeji, akagonga ndoo, akagonga kengele ya shingoni mwa ng'ombe mpaka ng'ombe akaondoka. Wageni walimfuata wakinong'onezana. Mwishowe, nyuma ya banda, akagonga sahani ya plau ya trekta iliyochakaa, nayo ikaimba. Akafumba macho akaigonga tena.

"Nakuru imefika," akasema, na akaketi pale pale juu ya plau kukaza nyuzi. Siku hiyo tulicheza hadi jua lilipoanza kushuka, na mwenyeji akaitundika ile sahani mlangoni pake ikawa kengele ya shamba.

Sasa niseme kuhusu maendeleo yangu, kwa sababu yalikuwepo, ingawa Mama Rasoa, mke wangu, alichelewa kuyaona. Nilikuwa nimenunua gitaa kuukuu la askari mmoja aliyerudi kutoka vitani, lenye ufa ulioshikwa kwa gundi ya seremala, nikalifunga nyuzi za waya wa breki kama la Mzee. Nililipigia nyuma ya nyumba.

"Baba Rasoa," aliniita siku moja kutoka jikoni, "hiyo gitaa iko na mgonjwa?"

Alikuwa na haki. Vidole vya mpishi vimezoea moto. Nilikuwa nikiinua sufuria bila kitambaa. Lakini waya wa breki ulivikata vidole hivyo hivyo kana kwamba ni vya mtoto mchanga, na nikikata pilipili baada ya mazoezi nililia kazini. Shida kubwa zaidi ilikuwa gumba. Mzee alitaka gumba litwange chini bila kusimama, moja, mbili, moja, mbili, na kidole kiseme mambo yake juu bila kuliomba ruhusa. Vyangu vilikuwa ndugu wasioachana. Kidole kikienda, gumba linafuata. Gumba likisimama, kidole kinasimama kulitazama. Nilifanya mazoezi kwenye ukingo wa meza ya jikoni, kwenye mfuniko wa sufuria, kwenye mgongo wa mtoto wetu mdogo aliyekataa kulala. Dereva mmoja aliletewa chai yenye chumvi. Mwingine alipewa wali ulioungua chini, akala kimya, akaniuliza kama kwetu kuna msiba.

Miezi ikapita hivyo, na mtoto wa miaka kumi na miwili wa pale landi akajifunza katika wiki tatu kile kilichonichukua mwaka. Niliona aibu, nisiseme uongo. Nilimweleza Mzee, akanijibu kwamba yule mtoto amejifunza wimbo, na wimbo utamtoka. Mimi ninajifunza gumba, na gumba halitoki. Sikumwamini.

Halafu siku moja, mchana wa kawaida kabisa, nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nangojea maharagwe yaive, gumba langu likaenda zake. Sijui niseme vipi. Nilikuwa nikipiga kama siku zote, mara nikasikia magitaa mawili. Lile zito likitembea chini, jembamba likichezacheza juu. Niligeuka kutazama ni nani aliyekuja kupiga nami. Hapakuwa na mtu. Nilikuwa mimi, peke yangu, na ndoo. Niliogopa kuacha, nikidhani nikiacha halitarudi, kwa hiyo nikapiga na kupiga, jasho likinitiririka, nikicheka kwa sauti, na Mama Rasoa akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakutania. Alisimama akasikiliza, kisha akaanza kutikisa mabega. Maharagwe yaliungua na hakuna aliyeyalalamikia.

Nilikimbia hadi kwa Mzee wa Pointi na gitaa begani. Alinisikiliza ubeti mzima. Akasema, "Sasa umeanza," na akanipa chupa, kwa kuwa Jumamosi ile tulikuwa na shughuli.

Moyo ulinishuka kidogo, lakini si sana. Nilirudi kwenye mazoezi kwa bidii mpya. Nilikuwa nimegundua mahali pazuri, nyuma ya stesheni, si mbali na pointi, ambapo treni za kwenda magharibi, hadi Kisumu, zilipita zikitoka. Magurudumu yakipita kwenye viungo vya reli yanagonga, na nilidhani sitapata mwalimu wa mwendo bora kuliko chuma. Kila Jumatano na Alhamisi nilikaa hapo, treni ikitoka, gumba langu likiifuata. Nilijiona mjanja.

Kisha ikaja harusi ya Njoro. Mzee wa Pointi alichelewa, bila shaka. Bibi harusi amekaa, wazee wamekaa, chakula kimeliwa, na kiti cha mkono wa kulia kitupu. Watu wakaanza kunitazama. Baba ya bibi harusi akaja akaniomba nianze hata wimbo mmoja, watu wasije wakasema harusi yake ilikuwa matanga. Nilichukua gitaa langu. Kiti cha kulia sikukithubutu, nilibaki kushoto. Nikakohoa, nikaanza.

Walisimama. Mstari wa akina mama ukatoka, nyanya ya bibi harusi mbele, ameinua mikono, anakanyaga taratibu kwa heshima. Nilijaa furaha hata shingo ikauma. Ubeti wa pili wakaingia vijana. Wa tatu nikaona vumbi linaongezeka, nikadhani ni utamu. Wa nne, kofia ya bwana harusi ikaanguka na hakuweza kurudi kuiokota. Akina mama walikuwa wanakimbia sasa, kwa kweli wanakimbia, wakizunguka uwanja wameshika leso zao, na nyanya ya bibi harusi akatoka kwenye mstari akaketi chini kwenye nyasi.

"Mwambieni tumefika," akasema akitweta. "Popote alipokuwa anatupeleka, tumefika."

Kicheko kilichofuata nakisikia mpaka leo. Nilipoinua macho, Mzee wa Pointi alikuwa amesimama langoni na baiskeli yake, kitambaa chekundu kidoleni. Alikuwa amesikia yote. Alipiga muziki wa harusi hadi mwisho, mimi nikakwaruza chupa bila kumtazama mtu, na tulipomaliza akanivuta pembeni. Akaniuliza ninafanyia wapi mazoezi. Nikamweleza, hata kwa majivuno kidogo, habari ya stesheni na magurudumu.

"Gari ya kuingia ama ya kutoka?"

"Ya kutoka, Mzee."

Aliketi chini. Alicheka mpaka kofia ikamtoka, akaifuata kwa mikono na miguu, akaendelea kucheka. Mtu aliyetazama treni zikitoka kwa miaka ishirini na kitu, na mwanafunzi wake hakujua kwamba gari likitoka stesheni huanza polepole kisha huongeza mwendo! Nilikuwa nimejifunza vizuri sana. Kila wimbo wangu ulitoka Nakuru ukitambaa na kufika mwisho ukiruka.

"Mpishi," alisema alipopata pumzi, "nyimbo zako zote zinaenda Kisumu."

Habari ilitangulia kufika landi kabla yetu. Kwa mwezi mzima nikipita, watu waliniuliza kama nina tiketi. Nilifikiria kuliuza gitaa. Nilikuwa na miaka arobaini kasoro, mtu mzima mwenye heshima zake, na bibi kizee alikuwa ameketi kwenye nyasi kwa sababu yangu. Lakini Mzee wa Pointi alikuja mwenyewe jikoni kwangu, jambo asilolifanya kamwe, akasema nihame stesheni. Nitafute kitu ambacho hakisafiri.

Nikaenda kwenye kinu cha posho, kile cha kusaga mahindi. Injini yake iligonga siku nzima kwa mwendo mmoja, tuk, tuk, tuk, na ukutani nje palikuwa na kivuli. Jumamosi asubuhi nilikaa hapo nikipiga, kando ya foleni ya akina mama wenye mahindi. Mwanzoni walidhani ninaomba. Mmoja aliniwekea gunzi. Baadaye wakazoea, wakawa wananikosoa, kwa kuwa mtu anayesimama foleni hana la kufanya isipokuwa kusikiliza. "Hapo umekimbia," wangesema. "Hapo umelala." Walikuwa walimu wakali kuliko chuma. Miezi ikienda, makosa yakapungua, halafu nikaona foleni nzima ikiyumba pamoja, debe kichwani, bila mtu kusema neno. Nilirudi nyumbani mweupe kwa unga na mwenye furaha ya kijinga.

Asubuhi moja Mzee wa Pointi alikuja na mahindi yake. Mahindi yake siku zote yaliletwa na mkewe, kwa hiyo nilijua amekuja kwa jambo. Alisimama kwenye foleni amenipa mgongo. Nilipiga wimbo wake, ule mgumu, ambao gumba linatembea na kidole kinarudi nyuma. Nikaumaliza, nikafuta jasho. Akageuka.

"Mkanda ya injini ilikatika," akasema, "na wewe haukujua."

Ndipo niliposikia kimya. Kinu kilikuwa kimesimama tangu ubeti wa pili, mwenye kinu yuko ndani anatukana, na mimi nilikuwa nimeendelea, na foleni ilikuwa imeendelea nami. Mzee wa Pointi alibeba mahindi yake yasiyosagwa akaenda zake. Nilirudi nyumbani nikiruka mitaro. Jumamosi iliyofuata, nisije nikavimba kichwa, nilikaa kushoto na chupa kama kawaida.

Mwaka wa sita akastaafu. Barua ilikuja, akapewa saa ya mfukoni asiyoihitaji, na ikajulikana kwamba atarudi kwao magharibi, upande wa Bungoma. Pale landi watu walianza kumgawia vitu vyake kabla hajavigawa. Baiskeli itakwenda kwa mlinzi wa kanisa, naye afanye mpango wa breki. Viti vitabaki kwa jirani. Na chupa, kila mtu alisema, chupa ni ya Mpishi, nani mwingine. Walinipa hongera. Mama Rasoa alikuwa amekwisha ipangia mahali juu ya kabati, pembeni ya picha ya harusi yetu.

Niliwashukuru. Sikumwambia mtu, lakini sikuitaka ile chupa. Anayeachiwa chupa ni mtu wa kiti cha kushoto. Akinipa, atakuwa amesema neno lake la mwisho juu yangu, tena kwa wema, na sitaweza kumjibu.

Siku ya safari nilikwenda stesheni na gitaa langu, nikijiambia nitampigia wimbo wa kumuaga. Ilikuwa mchana, jua kali. Mkewe alikuwa ndani na mashine ya kushonea na kuku wawili kapuni. Yeye alikaa dirishani, behewa la daraja la tatu, gitaa lake limefungwa kwenye blanketi miguuni. Nusu ya landi ilikuwa pale. Treni ilikuwa imecheleweshwa ikingojea nyingine iingie, na kwa mara ya kwanza nje ya kazi yake alikuwa amefika mapema kuliko gari, na ilimwudhi.

Tuliongea mambo ya kawaida, mvua, mahindi. Kisha akatia mkono mfukoni mwa koti, nami nikajua. Akaitoa chupa. Watu nyuma yangu wakanong'ona kwa kuridhika. Nilinyoosha mikono miwili kuipokea, maana mzee akikupa kitu hukipokei kwa mkono mmoja.

Hakunipa. Aliigeuza, akaikamata shingoni kwa mkono wa kushoto. Akaingiza mkono mfukoni tena, akatoa msumari. Kisha akanitazama na kuelekeza kwa kidevu.

"Hama. Simama huku, kulia kwangu."

Nilizunguka gitaa likigonga magoti. Upande wa kulia wa dirisha lile mahali palikuwa hatua mbili tu kutoka nilipokuwa, na nilijikwaa. Nikasimama. Naye akangoja. Mimi pia nikangoja, kama nilivyozoea miaka sita, nikisikilizia kile kikohozi chake ili tuanze.

"Ni wewe unakohoa," akasema.

Nikakohoa. Nikaupiga wimbo wake, ule mgumu. Gumba likaenda zake, kidole kikarudi nyuma, na kushoto kwangu chupa ikaingia, kavu, safi, mahali pake hasa. Sijawahi kusikia chupa ikipigwa hivyo. Mimi niliikwaruza miaka sita na sikujua inaweza kusema. Watu walianza kucheza pale jukwaani, makuli wakaweka mizigo chini, na mkewe ndani alikuwa anapiga makofi juu ya kuku. Nililia machozi kabisa na sikukosa hata nota moja, au kama nilikosa, nilisamehewa.

Katikati ya ubeti wa tatu bendera ikapepea, firimbi ikalia, na gari likashtuka. Likaanza kutoka. Magurudumu yakagonga kiungo cha kwanza, yakanyamaza, yakagonga cha pili. Niliijua sauti ile. Vidole vyangu vyote viliijua, na vikainua vichwa kutaka kuifuata. Dirisha likasogea, naye akasogea nalo, chupa mkononi, macho kwangu. Sikutembea. Niliuma meno, nikaliacha gumba litwange pale pale lilipokuwa linatwanga. Gari likaongeza, likaongeza tena, magurudumu sasa yanakimbia, na mkono wake ulionyooshwa nje ya dirisha ulikuwa unapanda na kushuka polepole, kwa mwendo wangu. Gari halikumpotezea hata pigo moja. Lilipita pointi, ambapo kijana mgeni alikuwa ameshika nondo bila kitambaa, na mkono ule ulikuwa bado unapanda na kushuka, nami bado ninapiga, mpaka behewa la mwisho likapinda na nikaumalizia wimbo peke yangu, kwa mwendo ule ule nilioanza nao.

Mama Rasoa alikuwa amebaki nyumbani na mtoto wetu mdogo aliyeugua, hakuja stesheni. Nilipoingia alikuwa amekwisha futa vumbi juu ya kabati. Akanitazama mikono.

"Chupa iko wapi?"

"Ameenda nayo."

"Sasa kama hakukupatia, mbona unacheka?"

Nilikaa kitini, gitaa mapajani, nikamwambia hakuweza kunipa kwa sababu alikuwa bado anaitumia.